Jibu: Mpinzani ameshakata karata, naweza kuchanga tena?

Salamu ndugu. Unauliza kama ni kosa kuchanga tena karata zako baada ya mpinzani kukata. Ndiyo, ni kosa. Kukata kwake ndiko kunakomhakikishia kwamba hukuzipanga, na hapa Goma nimeona ugomvi mwingi ukianzia hapo hapo.

Kwanza angalia mikono yako: unapochanga, karata ya chini kabisa isionekane, na mikono ibaki juu ya meza. Karata 52, pishanisha mafungu mawili mara 7 hivi. Ziweke mbele ya mpinzani azikate, ondoa mkono wako, usimharakishe. Kwenye mashindano ya Magic (mchezo wa karata ambao kila mchezaji huja na karata zake), mpinzani akizichanga badala ya kukata, wewe unaruhusiwa kukata mara moja tu ya mwisho.