Lita Moja, Kilomita Ngapi? Kwa Wanaoanza Kumiliki Gari

Karibu kila mnunuzi mpya wa IST, Vitz au Passo huuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi, na jibu analopewa huwa ni namba iliyo kwenye tangazo la gari. Miezi michache baadaye, akiwa anatoka Mbagala kwenda Posta na kurudi kila siku, huanza kumshuku muuzaji, kisha fundi, kisha sheli anayojazia mafuta. Kabla ya kumshuku mtu, fahamu kwamba magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa kabla ya 2011 yalipimwa kwa utaratibu uitwao 10-15 mode, ambapo gari huendeshwa juu ya rola za maabara kwa kilomita 4.16 tu, injini ikiwa imeshapata moto na AC imezimwa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa na usiozidi 70. Utaratibu wa JC08 uliofuata ulipandisha mwendo wa juu hadi 81.6 na kuongeza sehemu ya kuanza na injini baridi, lakini AC ilibaki imezimwa. Namba hizo zinafaa kulinganisha gari moja na jingine. Bajeti ya mwezi ipangie kwa namba utakayoipima mwenyewe.

Kuipima hakuhitaji kifaa chochote. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na umwombe mhudumu asiongeze hata kidogo baada ya hapo. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu. Kisha rudi kwenye sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena kwa namna ileile. Ukiwa umetembea kilomita 384 na pampu imeonyesha lita 32, gari lako limekwenda kilomita 12 kwa lita. Tangi moja halitoshi kukupa uhakika, kwa sababu tofauti ndogo ya jinsi gari lilivyoegemea au pampu ilivyokata huweza kuyumbisha hesabu, kwa hiyo andika matangi kadhaa mfululizo ndipo uamini wastani wake. Wengi wetu hununua mafuta kwa shilingi, ya elfu kumi leo na ya elfu ishirini kesho, na kwa kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mtu anaweza kudhani gari limeanza kula mafuta kumbe bei ndiyo iliyopanda. Hesabu lita.

Mjini, adui mkubwa ni muda ambao gari limesimama. Injini ya cc 1,300 inayounguruma bila kutembea hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na AC inapowashwa hesabu husogea kuelekea lita nzima; muda wote huo kilomita haziongezeki. Ndiyo maana gari lililoandikiwa kilomita 18 kwa lita hurudisha 9 au 10 kwenye foleni za Dar es Salaam bila kuwa na ubovu wowote. Lililo mikononi mwako ni mguu: acha nafasi mbele yako, na foleni inaposogea kidogokidogo, sogea polepole bila kukanyaga mafuta kwa pupa na kufunga breki hatua chache mbele, kwa sababu kila unapofunga breki unageuza kuwa joto mafuta uliyokwisha kuyalipia.

Kwenye barabara kuu mambo hubadilika, na hapo ndipo madereva wageni hupoteza mafuta mengi bila kujua. Nguvu inayohitajika kuisukuma hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 hadi 100 huongezeka kwa zaidi ya nusu, na kufika 120 huwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 80. Sasa itazame barabara ya Morogoro kati ya Mlandizi na Chalinze, yenye malori, matuta na vibao vya 50 kwenye kila makazi: anayepandisha hadi 120 kati ya kibao na kibao hulazimika kuutupa mwendo wote huo kwenye breki, na mara nyingi utamkuta nyuma ya lori lilelile ulilolifikia wewe uliyetulia kwenye 85. Kwa gari dogo, mwendo wa 80 hadi 90 usioyumba ndio unaorejesha kilomita 15 na zaidi kwa lita. Kwa mwendo huo funga vioo na utumie AC ukihitaji, kwa maana vioo vilivyo wazi huongeza ukinzani wa hewa. Keria tupu juu ya paa nayo iteremshe.

Usisahau mwinuko. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma unapanda zaidi ya mita 1,000, na kulinyanyua gari la kilo 1,200 kwa kiasi hicho pekee hudai zaidi ya lita moja ya petroli, hivyo pima kwenda na kurudi pamoja. Unapoteremka, kwa mfano Kitonga, usiweke nyutro ukidhani unabana mafuta: injini za sindano za kielektroniki hukata mafuta kabisa unapoachia pedali gari likiwa kwenye gia, ilhali kwenye nyutro huendelea kuchoma, nawe umebaki na breki peke yake mlimani, jambo ambalo limekwisha kuua watu.

Ikiwa wastani wako umeshuka na barabara haijabadilika, anza na vitu vya bure. Tazama dashibodi: taa ya O/D OFF ikiwa inawaka, kitufe kilichoko kwenye gia kimezima overdrive, yaani gia ya juu, na gari haliifikii. Soma stika ya upepo kwenye fremu ya mlango wa dereva, ukikumbuka kuwa ya Japani huandikwa kwa kPa, na 220 ni sawa na PSI 32 hivi. Pima matairi yakiwa ya baridi. Kisha muulize fundi kama themostati, yaani vali inayozuia maji ya kupoozea mpaka injini ipate moto, bado ipo, kwa sababu wengi huitoa ili injini isichemke, na injini isiyofikia joto lake huendelea kumwagiwa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Ukimpelekea gari, mpelekee pamoja na daftari lako, ili aone ni tangi lipi ambalo namba ilianza kushuka na nini kilifanyiwa kazi kabla yake.