Mama wa kilabu ameomba jumuiya isalie kwake: jibu langu kwa katibu wa Usa River

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mleta uzi. Umeeleza kwamba wewe ni katibu wa jumuiya, yaani waumini majirani wanaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu, huko Usa River, na kwamba mama mmoja mwenye kilabu cha pombe ameomba ibada ya jumuiya ifike kwake. Nusu ya wanajumuiya wamesema hawakanyagi pale, na unauliza kama umwandike kwenye zamu au umwache.

Mwandike. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kuacha kumwandika mtu, na jambo hilo bado linaniuma.

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa jumuiya hapa Moshi, upande wa Pasua. Kulikuwa na mama mmoja aliyehamia kutoka Singida, anauza mbege, pombe ya ndizi. Ibada ya Jumapili alikuwa anakuja, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza tu, hayupo. Jumuiya alikuwa anahudhuria kwenye nyumba za wengine. Kila nilipopanga zamu nilikuwa naandika jina lililo kabla yake, kisha naruka naandika la jirani yake anayefuata. Hakuna kikao kilichoniagiza. Nilijiambia nalinda heshima ya jumuiya.

Siku moja alinisubiri njiani tukitoka ibadani. Akasema, "Katibu, nimehesabu. Zamu imezunguka mara tatu tangu nihamie hapa, na mara zote tatu imenipita." Hakusema kwa hasira. Nikamjibu, "Tutaangalia, mama," nikaenda zangu.

Jioni ile nilimweleza mke wangu, naye akanyamaza kidogo kisha akaniambia jambo ambalo wanawake wa mtaani walikuwa wanalijua muda mrefu. Kwenye mzigo wa ndizi aliokuwa ananunua kwa ajili ya pombe, yule mama alikuwa anachagua mkungu ulio mzuri kuliko yote, anampa jirani yake aupeleke kanisani kama wake. Aliogopa kwamba ukijulikana umetoka kilabuni utakataliwa. Sasa, mimi ni mtu wa mnada, ule wa kuuza sadaka za mazao na mifugo. Baada ya ibada huwa sikosi pale nje kwenye mayai, kuku na ndizi. Nilihesabu kichwani mikungu niliyokuwa nimenunua kutoka kwa yule jirani, nikakumbuka tulivyoila nyumbani baada ya kuiombea.

Usiku nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 10. Nilikuwa naijua tangu mafundisho ya kipaimara, lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba ni habari ya mataifa kukubaliwa kanisani, basi. Ukiisoma polepole utaona Kornelio, yule mtu wa mataifa, hakuitwa aje kwa Petro. Petro ndiye aliyeambiwa ainuke aende. Kutoka Yafa hadi Kaisaria ni zaidi ya kilomita 50, karibu na mwendo wa kutoka hapa Moshi kuja kwenu Usa River, na walitembea, wakafika siku ya pili. Tena alikuwa anakwenda kwa akida wa jeshi la Kirumi, jeshi lililokuwa limeikalia nchi yake. Malaika alimwambia Kornelio, "Sala zako na sadaka zako zimefika juu na kuwa ukumbusho mbele za Mungu." Zimefika! Huyu hajabatizwa, hajahubiriwa, hana jina kwenye daftari la mtu yeyote, na sadaka yake imeshapokelewa. Nilipofika hapo niliona ule mkungu.

Petro aliporudi Yerusalemu waliomshitaki hawakumuuliza kwa nini amebatiza. Walisema, "Uliingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala pamoja nao." Ugomvi wote ulikuwa mlango na sahani. Mtu wa nje akija kukaa benchi letu hatuna shida sana, tunampa hata kitabu cha nyimbo. Shida inaanza akisema karibuni kwangu, maana kwake yeye ndiye mwenyeji, na sisi tunakuwa wageni tunaopokea.

Wiki iliyofuata nilimwandika. Kati ya watu kumi na tisa tulikwenda wanne: mimi, mke wangu, mzee wa jumuiya na yule jirani wa ndizi. Mama alikuwa amefunga biashara tangu asubuhi, amefagia, amenyunyiza maji vumbi litulie, ameazima viti vya plastiki. Pipa la mbege lilikuwa pale pale kwenye kona, hakuwa na pa kulihamishia, akalifunika shuka jeupe.

Tulipoanza kuimba wakaanza kufika wateja wake, maana hawakuwa na habari. Nilidhani wataondoka. Walikaa kwenye mabenchi ya nje, wakavua kofia, na ubeti wa pili wakaingia sauti zote, hata besi, bila kitabu. Niligeuka kutazama. Watatu kati yao niliwafahamu tangu utoto, na mmoja, anayesukuma mkokoteni sokoni, tulipata kipaimara siku moja, madhabahu moja. Nilikuwa napishana naye barabarani miaka yote hiyo. Mzee wa jumuiya (Mungu ambariki, hakuniuliza) akampa yule mwenzangu Biblia asome somo. Alisoma mikono ikitetemeka, alirudia mstari mmoja mara mbili, lakini alilimaliza.

Kuna mtu hapo juu ameandika kwamba huyo mama atubu kwanza, afunge kilabu, ndipo jumuiya iende. Ndugu yangu, toba ni ya lazima, siipunguzi hata kidogo, na kama pale kwenu kuna gongo au watoto wanauziwa, ni lazima aambiwe wazi. Lakini soma mpangilio wa ile sura. Roho Mtakatifu aliwashukia Kornelio na watu wake wakati Petro akiwa bado anasema, kabla ya maji na kabla ya swali lolote kuhusu kazi ya ujeshi. Petro mwenyewe alisema baadaye, "Mimi ni nani niweze kumpinga Mungu?" Maneno magumu kwa mama huyo yana nafasi, ila yanasikika vizuri zaidi yakisemwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chake.

Na ninyi wa huko Meru mna ushahidi karibu na milango yenu. Pale Akeri, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na mashujaa wa Kimeru na Kiarusha. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali, na sisi Wachagga tulikwenda nao, jambo ambalo huku kwetu halisimuliwi sana. Kwa hesabu ya kibinadamu mlima ule ungefungiwa mlango. Wamisionari walirudi baada ya miaka michache, na leo hao wanaogoma kwenda kwa mama wa kilabu wanaimba Jumapili kwenye nchi iliyopokelewa ikiwa na damu mikononi.

Sitakuficha kilichofuata kwetu. Familia moja ilihama jumuiya na haikurudi. Mama aliendelea kuuza mbege kama miaka miwili hivi, kisha akahamia Himo kwenye biashara ya mahindi. Wale wa mabenchi ya nje, wawili walirudi kanisani, mwenzangu wa mkokoteni anakuja na kupotea. Zamu yake mama haikurukwa tena.

Kwa hiyo mwandike, na jina lake lisomwe kanisani pamoja na mengine, kwa sauti ile ile. Wanaotaka kwenda waende hata kama ni wawili. Halafu jambo moja la mwisho, nalisema kwa sababu sisi tulikosea: tulikuwa tumekula nyumbani kabla, kwa makusudi. Baada ya sala alileta sufuria ya machalari, ndizi na nyama, aliyopika tangu saa nne, tukabaki kuonja vijiko viwili viwili, naye anatutazama. Nendeni na njaa.