Wabanguaji kumi tu, bado inakuhusu

Umeuliza kama sheria ya afya na usalama kazini inakuhusu wewe mwenye watu kumi tu wa kubangua korosho, na mpango wako wa kuwajali wafanyakazi uanzie wapi. Inakuhusu kaka, si ya kampuni kubwa peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi, kisha kila baada ya muda. Mpango wako uanzie hapo, fulana na bonanza vije baadaye.

Nimesimamia ubanguaji hapa Newala, na kinachowatesa akina mama ni mafuta ya ganda la korosho. Yanachoma ngozi, vidole vinakuwa vyeusi na kuchubuka, mtu akirudi nyumbani hata mwiko wa ugali haushiki vizuri. Weka glavu za kutosha na zibadilishwe zikitoboka. Asiyeweza kubangua na glavu apakae mafuta ya nyonyo kabla hajagusa korosho, ingawa hayakingi kama glavu. Na kama unalipa kwa kilo, watazivua tu ili wawahi, hata ukizinunua katoni nzima. Panga upya malipo kwanza, kaka, tafadhali.

Mapumziko nayo ni haki yao: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku. Gharama za vipimo zinabadilika, kwa hiyo ulizia OSHA wenyewe, usipitie kwa dalali.