Baridi ya Julai, tindikali na dakika zilizoandikwa ukutani

Kamwene, vijana wangu. Wiki hii nimeshuhudia mabamba matatu ya zinki ya echingi (sanaa ya kuchora juu ya nta iliyopakwa kwenye bamba, tindikali ikala mistari, kisha mistari ikashika wino na kuchapwa kwenye karatasi) yakitolewa kwenye tindikali yakiwa na mistari hafifu kama mikwaruzo ya kucha, na kila nilipouliza yalikaa humo muda gani, nilioneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye dakika zilizoandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Karatasi ile niliiandika mwezi Desemba. Sasa ni Julai, tuko Mafinga, asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, na tindikali nayo inasikia baridi kama sisi, ila yenyewe haijui kusoma. Nimeketi kuandika kwa sababu kusema nimeshachoka.

1. Kabla ya kuchovya bamba lenyewe, kateni kipande kidogo cha zinki hiyo hiyo, kichovyeni kwa dakika mbili, nne, nane na kumi na sita huku mkifunika sehemu moja baada ya nyingine kwa vanishi isiyopitisha tindikali, kisha kichapeni, ili mwijue tindikali ya siku hiyo.

2. Mimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali. Madirisha yabaki wazi. Najua upepo wa hapa unapenya hadi mifupani, lakini atakayefunga dirisha huku beseni likitoa moshi, au kuingiza jiko la mkaa karibu na tapentaini, namrudisha kwao siku hiyo hiyo, akiwa na nauli yangu na salamu zangu kwa mama yake.

3. Msiondoke kwenye beseni. Hili nalisema nikiwa na aibu, na kwa kuwa ninyi hamkuwapo, acheni niwasimulie.

Katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza nilitengeneza echingi ya vitu vilivyotulia, yaani kibuyu chenye mdomo mpana, mbeta ya ulanzi (chombo cha mwanzi), kikapu cha milulu na maparachichi mawili pembeni ya meza. Kikapu peke yake kilinila jioni tisa, kwa sababu nilikuwa nimeapa kuchora kila mahali ambapo unyasi wa mlulu unapita juu ya mwenzake. Nilianza kwa utaratibu uliofaa: mistari ya maparachichi, iliyotakiwa kuwa myepesi, ililiwa kwanza, nikaifunika kwa vanishi, kisha bamba likarudi kwenye tindikali ili vingine viendelee. Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndani ya mdomo wa kibuyu, ambamo nilitaka weusi wa kisima.

Ilikuwa Julai kama hii. Tindikali ilikuwa sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, na baada ya saa nzima viputo vilikuwa vichache mno, vikipanda kimoja kimoja kama mzee anayepanda ngazi. Badala ya kusubiri, nikaongeza tindikali, nikaona bado, nikaongeza tena kwa kukadiria kwa jicho. Nilipokuja kuangalia chupa baadaye, nilikuta nimefika karibu moja kwa nne. Kisha nikatoka nje kuota jua na kunywa chai kwa viazi vya kuchemsha, nikijiona nimeitawala kazi.

Nililolisahau ni kwamba zinki inapoliwa hutoa joto lake yenyewe. Joto huongeza kasi ya kuliwa, kasi huongeza joto, na humo ndani jua lilikuwa limeshaanza kupiga kwenye bati la paa. Niliporudi, beseni lilikuwa linatoa povu, moshi wa kahawia umetanda hadi dirishani, na nta yangu inaelea juu kama utando wa maziwa. Niliokota bamba kwa koleo. Jioni tisa za milulu zilikuwa zimegeuka bonde moja lenye kingo zilizochongoka.

Kwa ukaidi nililichapa hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba angalau mdomo wa kibuyu, uliochimbika kuliko sehemu zote, ungetoka mweusi. Ulitoka wa kijivu, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Wino hushikwa na kuta za mstari mwembamba. Mistari ikishaungana na kuwa shimo pana, shashi ya kufutia wino inaingia humo na kuufuta wote, unabaki ukingoni tu. Ndiyo maana mchoraji wa Italia Giorgio Morandi, aliyefundisha echingi katika chuo cha sanaa cha Bologna kuanzia mwaka 1930 hadi 1956, alijenga giza la chupa zake kwa mistari mingi inayopishana. Mimi nilitaka giza la bei rahisi.

Fundi wangu aliponiuliza, nilisema zinki ilikuwa mbaya. Alipitisha kidole gumba juu ya bamba, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole: "Ilikuwa mbaya kabla ya chai, au baada ya chai?"

Maparachichi yalinusurika chini ya vanishi yake. Nilikata kona ile kwa msumeno, nikaipiga tupa kingo ili zisikate karatasi, na hiyo ndiyo chapa yangu ya kwanza kununuliwa. Mnunuzi aliisifu kwa kuwa na utulivu.

4. Picha hugeuka ikichapwa. Aliyechora kopo la asali jana, akaandika ASALI kwa uangalifu mkubwa na kupata ILASA, asilie sana, kwa maana Rembrandt mwenyewe, yule mchoraji wa Uholanzi, mwaka 1650 alichonga gamba la konokono wa baharini, akakumbuka kuligeuza jina lake lakini gamba akalisahau, hata mzunguko wake ukatoka kinyume na ulivyo kwa konokono halisi. Hata hivyo msije mkanitajia jina hilo kama utetezi. Tumieni kioo.

5. Wino huganda kwa baridi, hivyo pasheni bamba moto kidogo kabla ya kulifuta.

6. Viputo viondolewe kwa unyoya, taratibu, bila kukwaruza nta, la sivyo mstari unaliwa kwa vipande. Unyoya usuuzwe baada ya kazi.

Karatasi ya ukutani nimeibandua, na mahali pake nimetundika kipimajoto pamoja na kile kilichobaki cha bamba la kibuyu. Jumatatu kila mmoja aje na unyoya wake wa kuku, kwa kuwa wangu mmeuacha ndani ya beseni tangu Alhamisi na sasa umebaki kijiti.