Barua kwa mwanangu: Kwa nini nilikwenda Mlimani

Mwanangu,

Marahaba. Huku Tabora sote wazima, mama yako anakusalimia sana.

Uliniuliza kwenye simu: baba, umerudi Dar ulikozaliwa, mbona Kariakoo ulikaa asubuhi moja tu, halafu siku nzima ukaimalizia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilichosoma mimi, si wewe? Nakuandikia kwa sababu jibu lake ni refu kidogo.

Nyumba aliyopanga babu yako Mtaa wa Sikukuu haipo. Pana ghorofa, chini maduka ya vitenge na simu, na wapagazi wanapiga kelele za kuomba njia. Nilisimama kidogo, nikaendelea hadi Mtaa wa Lumumba. Chuo chako kilianzia pale, Oktoba 1961, Uhuru haujapatikana bado, ndani ya jengo la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Miaka hiyo babu yako alikuwa anabeba magunia bandarini, na kadi ya chama hakuacha kuilipia. Nikaona nikipande hicho kilima alichokichangia bila kukiona.

Nikachukua mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala. Ukumbi wa Nkrumah niliutambua kabla sijaonyeshwa, maana ulikuwa nyuma ya ile noti ya shilingi 500, kabla ya sarafu. Fikiria, mwanangu: muuza nyanya wa Urambo aliushika ukumbi ule kila siku, na mlangoni pake hajawahi kufika.

Baadaye miguu ilichoka, nikaomba nafasi kwenye kimbweta, vile viti na meza za zege wanaposomea nje, chini ya mti. Vijana wawili wakanisogezea daftari zao, shikamoo mzee, karibu. Walikuwa wanabishana juu ya hesabu za nguzo za daraja, kikokotoo kimoja kinapita huku na huku, huku tumbili akikodolea macho mfuko wao wa andazi. Mmoja akaniuliza kama nilisoma pale. Nikamwambia hapana, ila wazee wangu walikilipia. Hakucheka. Alinyamaza, akaniuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Nilimpenda kijana yule.

Niliwasimulia habari za Oktoba 1966, na hawakuwa wanazijua. Wanafunzi, wengi wao wa chuo kile, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuwafukuza wote kwa mkupuo naona kulikuwa kukali mno, na wengi walikuja kurudishwa. Lakini kwenye deni la msomi kwa wananchi waliomlipia, Mwalimu alikuwa sahihi. Alikuwa ameshasema kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Babu yako alikuwa mwanakijiji huyo aliyebaki nyumbani.

Ndiyo maana nilikaa mpaka jua likapoa. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale, Museveni wa Uganda na John Garang wa Sudan Kusini walisoma pale, na watu wa Afrika nzima walikuja kubishana juu ya ukombozi. Wewe ulipita njia zilezile ukiwa na begi la kushonwa na mama yako. Nilitaka kuziona kwa macho yangu. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China niliitazama kwa nje tu, ni kubwa kweli, ila haikunishika kama vile vimbweta.

Ukipata likizo Desemba, twende pamoja. Bweni ulilolala sikulijua ni lipi, na mlinzi niliyemuuliza alitaka namba ya jengo. Niandikie hiyo namba, na pia useme kama zile kazi za maji huko Dodoma zimeanza.

Baba yako