Niliyemfokea ndiye aliyekuwa na jibu

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Dar es Salaam, niliamini msimamizi lazima aogopwe kidogo. Nilipita kati ya meza na oveni nimekunja uso, nahesabu trei, na aliyekosea alipewa habari yake palepale mbele ya wenzake. Kazi ilikwenda. Au niseme, ilionekana inakwenda.

Kisha mikate ikaanza kugoma kuumuka. Si yote: leo trei tatu, kesho kutwa sita. Mangi anapokea mikate mifupi, mizito kama tofali, inadoda dukani, asubuhi inarudishwa. Nikalaumu unga, nikabadilisha unga. Nikamlaumu fundi wa oveni, maskini ya Mungu. Wiki mbili zikapita hivyo.

Jibu alikuwa nalo kijana wa mashine ya kukandia. Saa nane za usiku, tumekaa nje tunakunywa chai, akaniambia bila kunitazama: "Bosi, hamira inakaa kwenye rafu ya nyuma ya oveni. Inaungua pale." Kweli. Hamira ni kitu hai, joto likizidi inakufa, na pakiti tulizokuwa tukizifungua na kuziacha pale zilikuwa zimechoka kabla hazijagusa unga. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akacheka kidogo. "Ile siku ya chumvi, bosi."

Ile siku alizidisha chumvi, akaja mwenyewe kuniambia, nami nikamshukia mbele ya zamu nzima. Angenyamaza, nisingejua. Kwa hiyo nilichomwadhibu hakikuwa kosa; ni kule kusema.

Kwenye baadhi ya viwanda vya Toyota kuna kamba inayopita juu ya wafanyakazi. Yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja, na tatizo lisipotatuka haraka uzalishaji unasimama. Watu husifia ile kamba. Mimi namfikiria zaidi yule kiongozi anavyofika. Akija amefura, kesho nani ataivuta tena?

Siku hizi mtu akiniletea habari mbaya, neno langu la kwanza ni "asante", hata kama moyoni nachemka. Maswali baadaye, pembeni. Sifa natoa hadharani, tena kwa kutaja jambo lenyewe: "trei zako za jana zote zimeumuka sawasawa." Ukisema "kazi nzuri" tu, hiyo ni salamu. Na yule kijana nilimkabidhi hamira yote, aamue mwenyewe itunzwe wapi na ifunguliwe lini. Akaanza kuandika tarehe kwenye kila pakiti. Sikumwagiza.

Ila usimpe mtu maneno matamu huku unamla haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu, na kazi ya usiku iwe na nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Anayepunjwa hapo atakuitikia "ndiyo bosi" na kuangalia saa.

Hasira zangu hazijaisha, nazimeza tu. Juzi dereva mgeni, aliyetoka kiwanda kingine, alinipigia alfajiri: kreti nne zimelowa mvua. Nikavuta pumzi, nikamwambia asante kwa kunijulisha. Kimya. Halafu akauliza, "Bosi, uko salama kweli?"