Parakoē katika Warumi 5:19: Adamu aliasi au hakusikia vizuri?

Mwalimu mmoja wa darasa la Biblia huko Kasulu ameuliza: Warumi 5:19 inasema "kwa kuasi kwake mtu mmoja", lakini kamusi aliyo nayo inasema neno la Kigiriki pale ni "kusikia vibaya". Afundishe lipi?

Mwalimu, fundisha kuasi. Kamusi haijakosea, ila imekupa mizizi ya neno, na mizizi si maana.

Neno ni parakoē (παρακοή), namba 3876 kwa hesabu ya Strong (faharasa inayolipa kila neno la asili la Biblia namba yake). Para ni "kando", akoē ni "usikivu". Agano Jipya linalo mara tatu tu: Warumi 5:19, 2 Wakorintho 10:6 na Waebrania 2:2. Katika zile mbili za kwanza limewekwa uso kwa uso na hypakoē, "kutii", neno lililozaliwa na kitenzi kile kile akouō, "kusikia". Kumbe kwa Mgiriki kutii na kuasi vyote vinaanzia sikioni. Hypakouō inaonekana bado na usikivu wake katika Matendo 12:13: Petro anabisha, Roda anakwenda kusikiliza ni nani. Kitenzi ni hicho hicho.

Kwetu hilo si geni. Tukisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hakuna anayempeleka mtu huyo kwa daktari wa masikio. Na wanaojua Kirundi hapo Kasulu wataona upesi: kwumva ni kusikia, kwumvira ni kutii.

Kosa ninalolikuta sana kwenye mahubiri ni kulilainisha: "Adamu alielewa vibaya tu." Waebrania 2:2 inakataa. Pale parakoē imefungwa pamoja na parabasis, kuvuka mpaka, na vyote viwili "ulipata ujira wa haki". Halafu rudi nyuma mstari mmoja: "tusije tukayakosa" ni kitenzi pararreō, kupitishwa na maji, kama mtumbwi uliokuwa uingie bandari ya Kibirizi, nahodha akasinzia, mkondo ukaupeleka mbele. Para tatu katika mistari miwili. Mwandishi anaonyesha jinsi uasi unavyoanza, bila kuupunguzia uzito.

Kitenzi cha parakoē, yaani parakouō (3878), kipo Mathayo 18:17 mara mbili: "asipowasikiliza hao... asipolisikiliza kanisa". Huyo ndugu ameonywa faraghani, kisha mbele ya mashahidi. Amesikia kila neno. Ametia pamba masikioni. Lakini angalia Marko 5:36. Katika nakala za kale kitenzi hicho hicho anapewa Yesu: wanamwambia mkuu wa sinagogi binti amekufa, naye Yesu anayapuuza maneno yao, au anayasikia kwa pembeni (wafasiri hawajakubaliana). Vyovyote iwavyo, hakuna dhambi pale. Kwa hiyo ubaya haumo ndani ya para. Unategemea sauti ya nani imewekwa kando.

Sasa penye mtego mkubwa zaidi. Biblia ya Union inatumia "kuasi" pia kwa apeitheia (543), kama "wana wa kuasi" katika Waefeso 2:2. Hilo ni neno jingine kabisa: a- ya kukanusha na peithō, "kushawishi". Ni mtu aliyekataa kushawishika, na ndiyo maana linakaa jirani na kutoamini. Waebrania 3:18 inawataja "walioasi" (apeitheō, 544), mstari wa 19 unasema sababu ni "kutokuamini" (apistia, 570). Na Yohana 3:36, penye "asiyemwamini Mwana", Kigiriki kina apeitheō. Kwa hiyo ukikutana na "kuasi", usirukie parakoē; tazama namba kwanza. Dakika mbili zinatosha.

Kwa somo la Warumi 5, waanzishe wanafunzi na Mwanzo 3:17. Kabla ya kutajwa matunda, shitaka ni "umeisikiliza sauti ya mke wako", na tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia akouō pale. Paulo hanukuu mstari huo, usiseme ananukuu. Waulize tu: siku ile Adamu alikuwa na sauti ngapi za kusikiliza?